Mgeni wa Bibi Wegesa

Kitaji, Musoma
4 Februari 2024

Mdogo wangu Dafroza,

Jana nilikukatia simu, na sitaki nikudanganye kwamba mtandao ulisumbua. Niliikata mwenyewe, kwa kidole changu. Ulisema "shikamoo dada" nikamsikia mama. Na si mama wa siku zote, ni mama wa zile wiki za mwisho, sauti nzito, inavutwa, kama mtu anayeongea huku amebakiza uji mdomoni. Nilikuwa kwenye cherehani na gauni la mteja mapajani, nikaliacha likaanguka sakafuni. Mama tulimzika kule Majita, mimi na wewe tukarushia udongo. Sasa nani alikuwa ananiamkia?

Unanijua, kwa maneno mimi ni mkali lakini kwa mambo kama haya ni mwoga kuliko kuku. Kwa hiyo tuandikiane kwanza, mpaka kifua chako kipone. Jirani yangu Khalidi, yule muuza dagaa, huwa anakuja mnada wa Butiama, atakuwa anabeba barua zetu.

Nilipomwambia ampelekee mke wa Bibi Wegesa, alinitazama kama nimechanganyikiwa. Kwao ni Ujiji, mambo ya huku hayajui. Ikabidi nimweleze nyumba ntobhu: kwamba bibi ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto atakaozaa yule binti wanakuwa wa nyumba ya bibi, wanabeba jina lake. Akauliza, "Sasa baba wa mtoto ni nani?" Nikamwambia hilo haliulizwi, auze dagaa zake.

Niambie ukweli, unaumwa nini? Na Lilian hajambo? Ameshaanza kuwa na mdomo kama mama yake?

Dada yako,
Hilda


Butiama
18 Februari 2024

Dada Hilda,

Shikamoo. Barua nimeipata. Sijakasirika. Nilijaribu kukasirika kwa sababu niliona ni jambo la kukasirikia, lakini hasira haikuja.

Ile sauti hata mimi naisikia. Nikimwita Lilian naona kama kuna mtu amesimama nyuma yangu, ndiye anayeita.

Kifua hakiumi. Nasikia baridi tu. Watu wanakaa kivulini, mimi nakaa juani na masweta mawili na jasho halinitoki. Ngozi imekauka inatoa unga. Nyusi zimeisha upande wa nje. Uso umevimba, nikijitazama kwenye kioo namsalimia mtu kwanza. Nikibeba ndoo nasahau nilikuwa naipeleka wapi, nasimama nayo. Siku zangu hazijarudi tangu nimzae Lilian, siku ile ya damu nyingi. Na unakumbuka maziwa hayakutoka hata tone, akalelewa kwa ya ng'ombe.

Bibi hanigombezi tena. Zamani tulikuwa tunagombana kila siku, chumvi, kuni, redio. Sasa ananiangalia tu. Jioni anapakua ugali na samaki wa furu kwenye sahani, anaifunika kwa ungo, anaiweka nje ya mlango. Nilimuuliza ni ya nani. Akasema, "Ya Dafroza. Akipita asikute nyumba yake imemsahau." Nikamwambia Dafroza si ndiye mimi hapa. Akasema, "Wewe umeshakula." Ni kweli nilikuwa nimeshakula.

Asubuhi sahani inakutwa tupu. Mbwa hatuna.

Lilian hajambo. Anaongea sana. Bibi amemfundisha kuniita Mgeni. Anasema "Mgeni, nifunge kamba ya kiatu," nami namfunga. Haijaniuma. Ndicho kinachonishangaza kidogo, kwamba haijaniuma.

Nimechoka kuandika.

Mdogo wako,
Dafroza


Kitaji
3 Machi 2024

Dafroza,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikaenda kuisoma dukani kwa watu ili nisiwe peke yangu nayo.

Sikiliza. Hakuna aliyepita na hakuna aliyekwenda. Hiyo ni shingo. Mimi nilipotolewa rovu, ule uvimbe wa shingoni, kule Mwanza, kabla hawajanianzishia vidonge, nilikuwa hivyo hivyo ulivyo wewe: baridi, ngozi ya unga, kusahau. Nilishona gauni la harusi mikono yote miwili upande mmoja, na nikampa mteja nikiwa na furaha zangu. Sauti yangu nayo ilikuwa imeanza kushuka. Walipoanza kunipa vidonge vya homoni ya tezi nikarudi kuwa Hilda, kwa bahati mbaya ya majirani.

Nimekugawia vidonge vyangu, viko kwenye hiki kichupa. Meza kimoja kila asubuhi kabla hujatia kitu tumboni. Usiende kupanga foleni popote, watakuzungusha bure. Tumetoka tumbo moja, mama alikuwa na shingo, mimi nilikuwa na shingo, na wewe ni hiyo hiyo. Kwetu dawa ya mmoja ni ya wote tangu enzi za chupa ya klorokwini ya baba.

Na chakula cha hiyo sahani ya jioni ukile wewe, mbele ya macho yake. Mwambie Hilda amesema.

Lilian akikuita Mgeni usiitike. Umenielewa? Usiitike hata kama analia.

Dada yako,
Hilda


Butiama
17 Machi 2024

Hilda mwanangu,

Mimi ni Wegesa. Maneno ni ya kwangu, mkono ni wa huyu, kwa sababu hapa nyumbani hakuna mwingine anajua kuandika. Nimemwambia aandike vile ninasema, asipunguze.

Nakupa pole. Mdogo wako alishaondokaga. Hatukumlilia mapema maana huu mwili ulikuwa unatembea ukatudanganya. Aliondoka siku ile anamzaa Lilian. Mimi nilikuwepo, nimemshika mabega. Damu ilitoka mpaka ikapita chini ya mlango, na yeye akatoka nayo. Niliona macho yake yanakwenda. Halafu wakasema amepona, wakanipa huyu.

Mwanzoni sikusema kitu. Nikawa naangalia. Dafroza alikuwaga mbishi, huyu habishi. Dafroza alikuwaga anaimba akisonga ugali, huyu haimbi. Nywele zake hazikui. Mwezi hauoni. Nimemshika mkono mchana jua kali, mkono ni wa baridi kama jiwe la kisimani. Watu wa mjini mnasemaga msukule. Mimi hilo neno silitaki, ni la kuitana wachawi na kuchomeana nyumba. Mimi nasema tu yule alichukuliwa, huyu akaachwa.

Huyu sio mbaya. Anachota maji polepole. Haibi, hasengenyi.

Sasa zile dawa zako. Alizimeza. Siku za kwanza akachangamka, akaamka mapema, nikamsikia anaimba kidogo kule jikoni. Moyo wangu uliruka, nikasema mwenye mwili anarudi. Halafu akaanza kutapika. Akaanguka pale kwenye boma la ng'ombe, macho yamekwenda juu. Sasa amelala, akikaa anaona kizunguzungu. Mwili umemkataa mwenyewe. Usilete tena hizo dawa, unawagombanisha wawili mahali pa mmoja.

Matanga nimepanga mwisho wa mwezi. Njoo na ndugu zako. Namtazama huyu anaandika haya yote na mkono wake hautetemeki. Mtu gani anaandika tanzia yake na hashtuki? Nijibu wewe uliyesoma.

Ni mimi,
Wegesa

Dada, nimeandika kama alivyosema. Ameniuliza kama kuna neno nimelibadilisha, nikamwambia hapana. Mimi sijui kama amekosea. Bado natapika. Vidonge naendelea navyo kwa sababu ulisema. D.


Nyasura, Bunda
2 Aprili 2024

Bibi Wegesa,

Shikamoo. Khalidi nimemwomba akusomee barua hii polepole, na arudie pale utakapotaka.

Najua hukupenda nilivyoingia kwako siku ile bila hodi na kumbeba mdogo wangu. Ulisimama mlangoni ukasema, "Huyo mchukue, sio wa kwangu, lakini mtoto niachie." Sikuwa na muda wa kubishana. Gari la dagaa la Khalidi lilikuwa linaelekea Bunda, tukamlaza kwenye magunia. Njiani nilimshika mkono nikajua ulichomaanisha uliposema jiwe la kisimani. Nilimwita jina lake, akageuza kichwa upande mwingine, kama aliyeitwa ni mtu wa nje ya gari.

Dafroza yuko hai, Bibi. Mimi nalala hapa kwa Sabiha, dada yake Khalidi. Amefunga na bado ananipikia mchana, Mungu amlipe. Kila siku naenda wodini.

Daktari Danford aliponiuliza nani alimpa vile vidonge, nikasema ni mimi, dada yake. Alinisema mpaka manesi wakageuka. Nimestahili. Nilikuwa namuua kwa mkono wangu nikidhani namponya, na hilo nakuambia wewe kwa sababu wewe uliniambia niache na mimi nikakudharau.

Alivyonieleza ni hivi. Chini ya ubongo kuna kitezi kidogo, ukubwa wa harage. Hicho ndicho kinachotuma homoni kuiamuru tezi ya shingoni. Seli za tezi hazijiamulii. Zinakaa zinangoja, amri ikifika ndipo zinatengeneza kile kinachotupa joto, sauti, akili ya kukumbuka ndoo inakwenda wapi. Mimi shingo yangu ilikuwa na ugonjwa. Ya Dafroza haina ugonjwa wowote. Ni nzima, imekaa inangoja kuitwa na hakuna anayeita. Siku ile ya Lilian, damu ilivyomwagika, kile kitezi kilikosa damu kikafa. Daktari alisema hivyo, kimekufa, na mwili ukanisisimka, maana wewe ulikuwa umeshaandikisha barua ukasema kuna kitu kilitoka na ile damu.

Kitezi hicho hicho ndicho kinachoamuru na tezi zilizo juu ya figo, zinazompa mtu nguvu ya kuhimili. Nazo zilikuwa zimelala. Inabidi upewe kwanza dawa ya hizo, ndipo ifuate ya shingo. Mimi nilimkimbiza ng'ombe ambaye hajanywa maji. Ndiyo maana alichangamka halafu akaanguka.

Sasa anapewa zote mbili, kwa mpangilio, na atazimeza maisha yake yote. Kuziacha ghafla ni kifo, daktari alirudia mara nyingi nikiwa namwangalia machoni.

Nakuomba, Bibi, usifanye matanga. Huwezi kumlilia mtu anayekunywa chai.

Mwanao,
Hilda


Butiama
14 Aprili 2024

Dada Hilda,

Asalaam aleikum. Ni mimi Khalidi ninayeandika, kwa niaba ya Bibi. Barua yako nimemsomea yote na sehemu ya kitezi nimeirudia.

Anasema umechelewa, matanga yameshafanyika. Watu walikuja, wakala, Lilian akanyolewa nywele kama mfiwa. Nimemwona mwenyewe, kichwa kinang'aa, anacheza.

Anasema hana ugomvi na daktari. Kama mnamrudisha Dafroza ni jambo jema, ng'ombe aliowatoa kumwolea hawakupotea. Ila ameniuliza swali na amesema lazima niliandike: Dafroza akirudi kwenye mwili wake, yule aliyekuwa humo atakwenda wapi?

Nilimwambia hakuna yule, Bibi, ni mmoja. Akaniangalia kama ninavyomwangaliaga mteja asiyejua bei. Dada, mimi nitaleta barua na nitaleta dagaa, lakini kukaa pale hadi jua lizame sitaki tena.

Khalidi


Nyasura, Bunda
26 Mei 2024

Dada Hilda, mkali wa Kitaji,

Shikamoo. Nimetokwa na jasho. Nakuandikia hilo kabla ya habari nyingine yoyote. Nilikuwa nafua na Sabiha uani, nikahisi kitu kinatembea mgongoni, nikadhani mdudu, nikapiga kelele, Sabiha akaja na ufagio. Ilikuwa jasho. Nilikaa chini nikacheka mpaka nikalia, na Sabiha wa watu amesimama na ufagio wake haelewi ampige nani.

Sauti imerudi. Si yote, lakini jana nilimwita muuza mboga akiwa kule barabarani akageuka. Nyusi zinaota, ziko kama za kifaranga. Na hasira, dada, hasira imerudi tamu kama muwa. Nimekumbuka vitu vya tangu mwaka juzi nikavikasirikia vyote kwa pamoja. Nimekukasirikia na wewe kwa kunikatia simu, halafu nikakusamehe kabla ya chakula cha mchana.

Kuna kitu kimoja nakuambia wewe tu. Ile miaka naikumbuka, lakini naikumbuka kama chumba nilichokiona kupitia dirishani. Namwona yule mwanamke amekaa juani. Mikono ni yangu. Nakumbuka nilivyoandika barua ya matanga, kila neno. Hakuwa na huzuni yule. Hakuwa na kitu chochote. Kulikuwa kimya, na siwezi kukudanganya kwamba kilikuwa kimya kibaya.

Sasa usianze kupiga kelele: narudi Butiama. Najua umeshanitengea kitanda Kitaji. Lakini Lilian ni wa ile nyumba, kwa mila hatoki, na wazee wetu walipokea ng'ombe mimi nikiwepo, hakuna aliyenishika kwa nguvu. Siwezi kumwachia mtoto bibi ambaye amemnyoa kichwa kwa ajili ya mama aliye hai. Daktari Danford ameniruhusu. Dawa za figo asubuhi na mchana, ya shingo asubuhi, na ameniandikia kadi ya kutembea nayo. Nimeiweka kwenye sidiria pamoja na picha ya mama.

Wewe shona mikono ya watu mahali pake, mimi nitajiangalia.

Mdogo wako mbishi,
Dafroza


Butiama
30 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Nimefika, nimeshakaa, na sijui nikueleze vipi.

Bibi alinipokea vizuri, na hapo ndipo penye shida. Alinipa kile kiti cha wageni chenye kitambaa. Akaniuliza safari, akaniuliza kwetu hawajambo. Nikamwambia, "Bibi, ni mimi, Dafroza." Akasema, "Naona. Karibu. Umenenepa vizuri." Halafu akatazama nyuma yangu, njiani, akasubiri. Akaniuliza, "Na yule mwenzako mmemwacha wapi?"

Nilicheka, dada. Nilidhani ni utani wetu wa zamani umerudi. Yeye hakucheka.

Akasema, "Wewe ulikuwaga unanibishia. Redio, chumvi, kila kitu. Yule tulikuwa tunakaa naye hapa nje jioni, hasemi, sisemi. Mimi tangu nizaliwe sijakaa na mtu asiyetaka kitu kwangu. Nilimkataa nikiwa naye. Nilisema sio wa kwangu, nikawaachia mkamchukua kwenye gari la dagaa. Sasa nauliza, alikufa wapi?"

Nikamwambia hakufa, alikuwa mimi, nilikuwa naumwa. Nikamweleza kitezi, amri, dawa. Alisikiliza yote na mwisho akasema, "Kwa hiyo ni hizo dawa zinamzuia."

Kwa Lilian ndiko kulikonivunja. Nilimkimbilia nikambeba, nikambusu kile kichwa chenye nywele fupi. Akalia. Anamtaka Mgeni. Mgeni alikuwa anamlaza mapajani mchana kutwa bila kuinuka. Mimi nainuka, dada, nina kazi, nina miguu inayotaka kutembea. Mtoto wangu ananililia mimi huku nimembeba, na siwezi kumpa anachokitaka.

Sahani jioni bado inawekwa mlangoni. Sasa ni ya yule. Asubuhi naikuta imejaa.

Niko salama. Nakula, naimba kwa makusudi ili wanisikie. Ila nikiimba Bibi anaingia ndani. Dawa zangu zinakaribia kuisha, nitumie nyingine na Khalidi.

Dafroza


Kitaji
14 Julai 2024

Dafroza,

Dawa hizo hapo, za figo na ya shingo, nimefunga kwenye mfuko mweusi na kushona mdomo wake kwa mashine. Usifungue mbele ya mtu. Usiziweke jikoni wala chini ya mto, ziweke mwilini mwako. Unielewe kama ulivyokuwa unamwelewa mama akiwa na fimbo.

Sijapenda lile neno la "zinamzuia". Nimelirudia kichwani nikiwa nashona mpaka sindano imenichoma. Mchukue mtoto uje hapa wiki mbili, sema ni kliniki. Mila itangoja wiki mbili.

Khalidi akirudi nitamuuliza kama amekukabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono.

Hilda

Nimeongeza jioni: Khalidi amerudi. Wewe ulikuwa kisimani, na yeye hakutaka kungoja mpaka jua lizame, akamwachia Bibi. Anasema Bibi ameupokea mfuko kwa mikono miwili na kumshukuru sana. Barua hii imebaki kwenye mfuko wa shati lake, alisahau. Ninamrudisha nayo mnada ujao. Simu yako naipiga haipatikani. Dafroza, mfuko umeupata?


Butiama
11 Agosti 2024

Dada Hilda,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo, Khalidi alikuwa anaumwa mnada uliopita hakuja. Mfuko sijauona. Nilikuwa nadhani hujatuma, nikawa nimekukasirikia. Sasa nimejua, na nimeshikwa na hofu kubwa. Nimemuuliza Bibi. Amesema mfuko gani. Nimetafuta kwenye ghala, kwenye mitungi, chini ya kitanda chake. Simu yangu Bibi aliipeleka kuchajiwa na haijarudi. Kadi ya daktari nayo sijui ni lini niliitoa.

Juzi nilitaka kuja mwenyewe kuzifuata dawa. Nilimfunga Lilian kanga tukatoka. Tulifika pale kwenye mteremko, macho yakaingia giza, nikakaa. Nikatapika. Mwanamke mmoja wa njiani akanirudisha nyumbani. Bibi alimshukuru sana.

Hanitendei vibaya, nataka ujue hilo. Alinifunika blanketi. Jana asubuhi alinikorogea uji mwenyewe, akaupoza, akanishikia bakuli. Alinishika mkono, akaupapasa kwa muda mrefu, akatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu nirudi. Akasema, "Karibu tena." Akanitolea kiti nje, akaleta cha kwake akakiweka karibu.

Lilian amelala mapajani mwangu sasa hivi ninavyoandika. Amelala vizuri. Hajalia leo.

Nimeanza kuandika barua hii asubuhi na mkono ulikuwa unatetemeka. Sasa hautetemeki. Nimeisoma kutoka juu, nikaona pale nilipoandika hofu kubwa, nikajaribu kukumbuka ilikuwaje. Bado ipo, lakini imekaa mbali. Jua ni kali na mimi nimevaa sweta. Kumeanza kuwa kimya.

Khalidi yuko mlangoni ananisubiri nimalize, anataka kuondoka. Nampa mkononi. Bibi amemletea maji ya kunywa.

Dada, usitume dawa. Usitume mtu. Njoo wewe mwenyewe, na uje leo, nikiwa bado naogopa.

Dafroza